Pete ya Kamituga Ziwani Ontario

Nyumba ya harusi isiyonuka vitunguu, ina msiba au ina mwizi. Florida alilijua hilo kabla hajazima gari.

Alikuwa ameendesha tangu alfajiri kutoka Okolona, kule Louisville, gauni lake la kitenge likining'inia kwenye dirisha la nyuma kama abiria asiyelipa nauli. Njia nzima alijiambia: nikifika Buffalo nitaoga, nitakula, halafu nitacheza mpaka viatu viombe msamaha. Sasa amesimama kwenye ngazi za nyumba ya Mama Séphora, mtaa wa Lower West Side, pua juu, anatafuta harufu. Hamna. Leo ni Alhamisi, harusi ni Jumamosi, na sufuria kubwa za kanisa zimelala kifudifudi barazani kama kobe waliokasirika.

"Nani kafa?" aliuliza mlango ulipofunguliwa.

"Hakuna mutu alikufa, dada yangu." Mama Séphora alimkumbatia, akamshikilia zaidi ya inavyohitaji salamu. "Ingia. Ni wewe nilikuwa nangojea. Kule kwa kazi yako, si unatafutaka vitu vyenye kupotea?"

"Natafuta makatoni ya viatu, mama. Ghalani."

"Basi. Kiatu, pete, yote ni kupotea."

Ni kweli kazi ya Florida ilikuwa hiyo. Katoni likiingia ghalani na lisitoke, yeye ndiye anaitwa. Wafanyakazi wakimwona anakuja na fulana yake ya njano, hata asiye na kosa anaanza kukohoa. Lakini miaka yote hiyo imemfundisha jambo moja ambalo mabosi hawapendi kulisikia: mara nyingi hakuna mwizi. Kuna mtu aliyechoka, au aliyeogopa, akaweka kitu mahali pasipo pake, na mwingine akakisogeza kwa nia njema.

Waliketi. Wanawake hawa wawili, Florida Mrundi, Mama Séphora Mkongomani, walikuwa wamechota maji bomba moja kambini Nyarugusu, kwa hiyo hawakuhitaji utangulizi.

"Unakumbuka pete ya baba Séphora?"

Nani asingeikumbuka. Marehemu alikuwa mchimbaji migodini Kamituga, Kongo. Dhahabu aliitoa ardhini kwa mikono yake, akampa sonara, akatoka na pete nene, haina urembo wowote. Vita vilipowafukuza, mtumbwi uliowavusha Tanganyika ulipinduka, yeye akabaki majini. Pete ilifika Tanzania, kwa sababu hakuibeba yeye. Aliibeba Masumbuko, mdogo wake Mama Séphora, kijana wakati ule.

"Vizuizi vyote vile barabarani, aliifichaje?" aliuliza Florida.

"Siku zile hukuuliza. Ulishukuru." Mama Séphora alipangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Donc, Zenoni, huyu bwana harusi ya Séphora, ni mutoto muzuri. Anatoka Westerville, kule Columbus. Akasema atakodisha boti, wanaume ya upande wetu na wanaume ya upande wake baende pamoja kuvua samoni. Nikasema bon, Masumbuko atakuwa pale mahali ya baba ya Séphora. Atatoa ile pete kule juu ya maji, amupe Zenoni. Baba ya Séphora alibaki mu maji, unaelewa? Nilifikiri atakuwa karibu."

Florida alielewa.

"Na?"

"Na bakarudi na samaki, bila pete. Masumbuko akasimama pale bandarini, mbele ya batu bote, akaonyesha kidole Jovini. Kaka ya Zenoni. Akasema: huyu ni mwizi." Alishusha pumzi. "Tulipigia kapteni simu, alitafuta boti yote, hakuna. Jovini anakataa. Mi siwezi kutoa mutoto wangu mu nyumba yenye kunificha kitu, Florida. Bakwe banarudi Columbus kesho asubuhi. Séphora iko juu, tangu jana haongei na mimi, hata kwa Kiingereza."

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha Florida zaidi.

*

Masumbuko alikuwa jikoni, amevaa koti la suti ndani ya nyumba, kama mbunge anayesubiri kuapishwa. Ndevu zilikuwa zimeanza mvi. Alipomwona Florida akajaribu kutabasamu.

"Aa, Mama Inspecteur! Umetoka na pingu Louisville?"

"Nimetoka na njaa, mjomba, na sijaona hata sambusa. Niambie mambo. La, usiniambie. Nionyeshe. Mfuko wa chakula mliopanda nao uko wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa staili yake ghalani. Mtu akisimulia, anapanga. Mtu akionyesha, mwili unakumbuka mambo ambayo mdomo umeshayaruka.

Mfuko ulikuwa wa buluu, mpana, wenye zipu. Florida aliuweka mezani, akamwamuru aupakie upya kama asubuhi ile ya Jumatatu walipokwenda ziwani, akitumia chochote kilichopo. Masumbuko alicheka, akasema hiyo ni michezo ya watoto, halafu akaanza. Mayai ya kuchemsha: akaweka vitunguu vichache mahali pake. Sambusa: akaweka boksi tupu. Fanta. Mandazi. Ndizi.

"Ndizi gani?"

"Zile ndogo, za kuiva kabisa, za madoa," aliitika Mama Séphora kutoka sebuleni. "Nilinunua kwa duka ya Wasomali. Zilikuwa zinanuka utamu mpaka mu gari!"

"Na pete?"

"Ilikuwa mu poche ya koti," alisema Masumbuko. "Tulipofika bandarini, kapteni akaanza kueleza sheria. Vaa gilet hii ya kuelea, funga hapa, usiegemee pale, simu na kila kitu kinaweza kuanguka mu maji. Nikasema, pete itaanguka. Nikaiweka mu sac ya chakula."

Florida alivua pete yake mwenyewe, akampa. "Weka kama ulivyoweka."

Masumbuko aliipokea. Mkono wake wa kushoto ukajikunja kiganja juu, kana kwamba umeshika kitu chembamba. Dole gumba la kulia likaanza kusukuma. Halafu, ghafla, akasita. Akaidondosha pete mfukoni, tap, katikati ya vitunguu.

"Vile tu," alisema. Alikuwa anaangalia friji.

Florida alichungulia mfukoni. Aliiokota pete yake akaivaa.

"Baadaye?"

"Baadaye tulikuwa mbali na nchi kavu. Kapteni alitega fimbo nyingi, chambo zinakokotwa nyuma ya boti, sisi tunangojea. Jovini akaanza kutapika. Mawimbi kidogo tu! Akaenda kulala mu chumba ya chini, na sac ilikuwa pale pale kwa kichwa yake. Saa ya kutoa pete ilifika, nikashuka, nikafungua. Hakuna. Ni yeye peke alikuwa mule."

"Ulimwuliza?"

"Nilingoja. Tuliporudi, pale meza ya kupasulia samaki, nilimuona na macho yangu. Anatoa kitu ya kung'aa, anaangalia, anarudisha mu poche ya shati haraka haraka." Aligonga kifua chake. "Mutu mwenye roho safi anaficha nini?"

Swali zuri, aliwaza Florida, akiangalia lile dole gumba.

*

Wakwe walikuwa wamefikia kwa muumini mwenzao, mitaa miwili mbele. Bwana harusi, Zenoni, alikuwa amekaa kwenye ngazi akiangalia viatu vyake. Kaka yake, Jovini, alikuwa anapanga mabegi kwenye buti la gari kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

"Shikamoo, dada Florida."

"Marahaba. Unakwenda wapi na harusi ni Jumamosi?"

"Naondoka mimi peke yangu, leo hii." Alisukuma begi likaingia. "Nikiondoka watasema mwizi kaenda zake. Basi, watamwoza binti. Zenoni atapata mke. Nimemlea huyu, dada, tangu tuko kambini Mtabila, yeye akiwa hajui hata kufunga kamba ya suruali. Siwezi kuwa mimi ndio jiwe la kumkwaza."

"Hutaondoka!" alisema Zenoni kutoka kwenye ngazi. Sauti ilionyesha ameshalisema hilo siku nzima.

"Ukiondoka leo," alisema Florida, "utakuwa mwizi mpaka wajukuu. Kila kitoto kitakachozaliwa nyumba ile kitaambiwa: baba mkubwa wako ndiye aliyekula pete."

Jovini aliacha mabegi. "Naijua hiyo hali. Columbus, ghala la kwanza nililofanyia kazi, kifurushi kilipotea kwenye zamu yangu. Wakanitoa. Wiki iliyofuata kikaonekana rafu ya juu. Unadhani kuna aliyenipigia kusema samahani?"

Florida aliyajua maghala. Huenda na yeye kuna mtu hakumpigia.

"Kwenye shati uliweka nini? Kitu cha kung'aa. Umeonwa."

Jovini alimtazama mdogo wake, akashusha sauti. Akamvuta Florida nyuma ya gari, akafungua kitambaa. Chambo cha bati, chenye umbo la kijiko, upande mmoja fedha, upande mwingine kijani, na meno ya samaki yameukwaruza.

"Samoni mkubwa kuliko wote nilimvua mimi, nilipopata nafuu kidogo. Hiki ndicho kilimshika. Kapteni akanipa kama zawadi. Nilitaka nimtengenezee fremu Zenoni, nimpe ukumbini. Sasa nikikitoa mbele ya watu wale, watasema nini? Kinang'aa, kimetoka botini, nimekificha." Alicheka bila furaha. "Mtu akishaitwa mwizi, hata kijiko kinamshtaki."

Florida alikigeuza geuza. Ndoano ilikuwa imetolewa kwa koleo, kazi ya mvuvi anayejua. Kile cha kung'aa kimepata maelezo yake, basi. Akamrudishia.

"Ulipolala kule chini, mfuko ulikuwa karibu?"

"Ulikuwa puani kwangu, dada! Ndio ulioniua kabisa. Mayai ya kuchemsha. Sambusa, mafuta yake. Kila boti ikiinama, yai. Ikiinuka, sambusa. Sitakula yai mpaka Krismasi."

"Kingine? Fikiri. Mgonjwa wa mawimbi ana pua ya mbwa."

Jovini alifumba macho, akakunja uso. "Mafuta ya dizeli. Na mandazi kwa mbali. Basi."

"Hakukuwa na harufu tamu?"

"Harufu tamu ningeishukuru."

Florida alisimama pale mtaani, watoto wakimpita na baiskeli. Ndizi za madoa, zilizonuka gari zima. Chumba kidogo kilichofungwa, na mtu anayenusa kila kitu kwa mateso. Hakuna ndizi.

"Zenoni! Kule ziwani mlikula ndizi?"

Zenoni alifikiri. "Tulikula mandazi na sambusa. Mayai tulimpa kapteni, akapenda. Ndizi sikuziona, dada. Kwani zilikuwepo?"

"Zilipakiwa jikoni," alisema Florida. "Hazikufika chumba cha chini. Jovini, funga buti la gari, lakini usiliwashe. Nipe mpaka jioni."

*

Florida alimchukua Masumbuko kwa kisingizio kwamba haijui njia. Walipanda kaskazini mpaka bandari ndogo ya Olcott, kwenye Ziwa Ontario, katikati ya mashamba ya tufaha. Masumbuko aliongea njia nzima juu ya bei ya kukodisha ukumbi. Watu wenye jambo moja kifuani huongea mengine yote.

Kapteni Gorski alikuwa anaosha boti yake kwa mpira wa maji. Mzungu mnene, mashavu yameungua jua, kofia imeota chumvi ya jasho. Alipomwona Masumbuko, uso ulianguka kwa huzuni ya kweli.

"Nilitafuta kila pembe," alisema. "Nilifungua hata sakafu ya injini. Samahani sana kuhusu pete."

"Naamini," alisema Florida kwa Kiingereza chake cha ghalani, kifupi, kisicho na kona. "Abiria walipokuwa wanavaa majaketi, nani aliingiza mifuko botini?"

"Mimi."

"Ulifungua mfuko wa buluu?"

Kapteni alizima maji. Akaangalia ziwa. Wekundu ulianzia shingoni, ukapanda taratibu kama zebaki ya kipimajoto, ukapita masikio ukaingia chini ya kofia. Mwenye haraka angesema: nimempata mwizi. Florida alikuwa ameuona wekundu wa wezi, na haukuwa huu. Huu ulikuwa wa mtu aliyebanwa na haja ndogo kanisani.

"Kapteni, sikukujia wewe. Kuna kijana anaitwa mwizi, na ndugu yake atakosa mke. Ndizi ziko wapi?"

"Mungu wangu," alisema Gorski, akavua kofia. "Ndizi."

Kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo. Kwenye boti za kukodi, ndizi ni mkosi. Ukipanda nazo samaki hawashiki, injini inakufa, mtu anaumia. Baba yake aliamini hivyo, na manahodha wote wa pwani hii wanaamini hivyo, hata wale wanaosema hawaamini. Kwa hiyo kila asubuhi hupekua vyakula vya wateja. Akikuta ndizi huwatania, wanacheka, zinabaki nchi kavu.

"Lakini Jumatatu," alisema, akikunja kofia kama kitambaa cha kufutia vyombo, "walikuja wazee hawa, wamevaa vizuri kuliko watu wa kanisani kwetu, wakasali kabla ya kupanda. Na mimi, mzungu mwenye tumbo hili, niwaambie Waafrika habari za ndizi? Nianzie wapi? Wangenielewaje, kwamba nawaita nyani? Mke wangu angenitoa roho. Nikaona nizitoe tu kimya kimya, sitaudhi mtu."

"Na tulipopiga simu?"

"Mliniuliza pete! Hakuna aliyeniuliza ndizi."

Florida aligeuka kumtafsiria Masumbuko, akakuta hakuna haja. Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono kichwani, koti la suti limelowa maji ya sakafu.

"Yo, mama yangu," alikuwa anasema. "Yo, mama yangu. Nilimuita mutoto wa batu mwizi."

Florida alichuchumaa mbele yake. "Uliisukuma ndani ya ndizi. Dole gumba lako liliniambia jikoni."

"Ndio vile ilipita mu vizuizi vyote." Alisema polepole, akiangalia maji. "Askari anapekua sac, anapekua viatu, anapekua mpaka nywele ya dada yangu. Lakini kijana mwenye kubeba ndizi mukononi, nani anamuangalia? Mumoja alininyanganya zingine akakula mbele yangu. Ile yenye pete nilikuwa nayo huku, naanza kuimenya, natetemeka." Akafuta uso kwa mkono. "Jumatatu, nilipoona yale maji, na batu banavaa ma-gilet, Florida, sikufikiri. Nilijikuta nimeshafanya. Nilipasua kidogo kwa mukia, nikasukuma, nikafunga. Kisha nikafungua sac, ndizi zote hakuna. Nikasema, ni Jovini alikula, akaikuta, akanyamaza."

"Na ukasema 'mfukoni' tu, hukusema ndizi."

"Ningesema nini mbele ya bakwe? Mujomba, mwenye kusimama mahali ya baba, anaweka pete ya marehemu mu ndizi kama mulanguzi?"

Kapteni, ambaye hakuelewa neno lakini aliielewa ile ndoo, alikohoa. "Mama yangu huzichukua," alisema. "Ndizi zote za wateja. Huzigandisha, halafu anatengeneza mkate wa ndizi kwa kifungua kinywa cha wazima moto."

Florida aliinuka kama aliyechomwa. "Huoka lini?"

"Jumapili."

*

Mama yake Gorski aliishi nyuma ya duka la chambo, kibibi chembamba chenye macho makali, na friza yake ingeweza kulisha jeshi. Alisikiliza kisa chote akiwa ameshika mlango.

"Kwa hiyo mnataka ndizi zangu," alisema.

"Tunaziomba, bibi. Zile ndogo."

"Nilijiuliza ni za nani. Zinanukia vizuri kuliko zetu." Alizama kwenye friza mpaka kiunoni, akaibuka na mfuko wa plastiki: vidole vyeusi, vimegandamana, vigumu kama kuni. "Wazima moto watakula chapati za maji, sawa. Pete ya maiti usiiache kwenye mkate."

Masumbuko alinyosha mikono. Florida alimzuia.

"Hatufungui hapa."

"Lakini iko mule ndani!"

"Kama imo. Ghalani, katoni lililopotea likionekana, hulifungui peke yako. Unalifungua mbele ya wote waliogombana, wakiwa wameona gundi haijaguswa. Beba."

Basi Masumbuko alirudi Buffalo na mfuko wa ndizi mapajani, suruali ikilowa kila maili. Walipopita Niagara barafu ilikuwa imeanza kulainika. Alivumilia mpaka hapo.

"Mama Florida. Nakuomba kitu. Tuseme ilikuwa mu boti. Kwa kona, chini ya kiti. Kapteni aliiona. Jovini anakuwa huru, mimi nabaki na heshima kidogo. Nani anaumia?"

Florida alipunguza mwendo. Alimpenda huyu mzee. Aliona kabisa chumba kile: wakwe wamekaa, vijana wameshika simu, na jina ambalo lingemfuata Masumbuko kwenye kila harusi ya Wakongomani kutoka hapa mpaka Louisville. Monsieur Ndizi.

"Ikiwa chini ya kiti," alisema, "kesho mtu atasema: aliitupa pale alipoona mambo yamekuwa moto. Jovini atakuwa mwizi aliyeogopa. Hiyo ni afadhali?"

Masumbuko alitazama mapaja yake.

"Ulimwita mwizi mbele ya watu wote. Ndizi tu ndiyo inaweza kumsafisha, mjomba. Na ndizi ni yako."

Masumbuko alipanga mfuko vizuri, akaushika kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake.

*

Sebule ya Mama Séphora ilijaa. Wakwe upande wa dirisha, wenyeji upande wa televisheni, katikati zulia kama mpaka wa nchi. Séphora alishuka, macho yamevimba, akasimama kwenye ngazi ya mwisho. Jovini alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, tayari kutoka.

Florida aliweka sinia mezani, akamwaga ndizi. Zilikuwa zimelegea, nyeusi, zinalia maji. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama hicho ndicho chakula.

"Mjomba," alisema Florida, akarudi nyuma.

Masumbuko alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Alianza kwa bon na donc, akazunguka kidogo, akafika Tanganyika bila kupanga, akasimulia vizuizi na askari aliyekula ndizi. Dada yake aliweka mkono mdomoni. Kumbe miaka yote hiyo hakuwa amejua. Akafika Jumatatu. Akasema ndizi. Akasema kapteni alizitoa, na kwa nini. Kisha akageukia mlangoni.

"Jovini. Hukula, hukuiba, hata hukuziona. Mi ndiye niliweka kitu ya marehemu mu chakula, na nikaona aibu kusema, na aibu yangu nikaivika wewe. Mbele ya hawa bote nilikuita mwizi. Mbele ya hawa bote nasema nilikosa. Njoo ufungue wewe."

"Mimi siigusi," alisema Jovini. "Wakisema nimeichomeka sasa hivi?"

Kwa hiyo alifungua Masumbuko mwenyewe. Alibonyeza ya kwanza: uji mweusi. Ya pili, uji. Mama Séphora alianza kuomba chinichini. Sinia lilikuwa limekuwa tope, na Florida, aliyeendesha mpaka Olcott na kurudi kwa nguvu ya harufu ambayo mtu hakuisikia, akaanza kuhesabu zilizobaki. Zilibaki chache. Masumbuko akaacha kubonyeza hovyo. Akafumba macho, akazipapasa mikia, moja moja, kama kijana aliyesimama mbele ya bunduki zamani sana. Akashika moja. Dole gumba likasukuma.

Pete ikatoka, imevaa ndizi, ikaviringika kwenye sinia ikasimama.

Halafu mlangoni mtu akatoa sauti kama ya kukohoa. Ilikuwa Jovini. Alijaribu kuizuia, mabega yakatikisika, ikampasuka.

"Yaani mzungu," alisema, "mzungu aliona haya kusema ndizi. Na mjomba naye akaona haya kusema ndizi. Na mimi ndio nimetapika!"

Hapo nyumba nzima iliangua kicheko. Walicheka wakwe, wakacheka wenyeji, Zenoni alicheka akiwa amelala kwenye zulia, na Séphora alicheka kwa Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja huku akimshika mama yake shingoni. Masumbuko hakucheka. Alivuka zulia, mikono imejaa tope la ndizi, akasimama mbele ya Jovini bila kujua aiweke wapi. Jovini akaishika hivyo hivyo.

Mama Séphora aliiosha pete kwa maji ya moto, akaibusu, akaiweka shingoni kwa uzi. Kisha akatazama saa, akapiga kelele. "Alhamisi imekwisha! Sufuria haijawaka! Nani atakata vitunguu?"

Jovini aliweka funguo za gari mezani, akaomba kisu. Alikata gunia zima, karibu na dirisha, akiwapa watu mgongo. Alilia wee mpaka kola ya shati ikalowa, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama ni vitunguu.